Pampu ya mkono ya kunyonyea mafuta, nimeitumia miezi minne

Kiukweli nilichelewa sana kuinunua hii kitu. Miaka yote nilikua natoa petroli kwenye pikipiki kwa mpira na mdomo, unavuta, ukiona inakaribia unachomoa haraka. Siku moja sikuwahi. Ikanijaa mdomoni, nyingine nikaimeza na nyingine ikapita njia ya hewa, nilikohoa mpaka machozi, kifua kinawaka, na kila nikicheua ladha ya petroli inarudi, ikawa hivyo mpaka kesho yake. Kuna mtu akaniambia jitapishe. Nashukuru sikumsikiliza, maana daktari alinieleza petroli ikiwa tumboni ina nafuu kuliko ikiingia kwenye mapafu, ni nyepesi mno inasambaa haraka, kiasi kidogo tu kinatosha kuleta nimonia ya kemikali, na ukijitapisha unaipitisha tena palepale kooni. Nikapigwa picha ya kifua, nikakaa chini ya uangalizi masaa kadhaa.

Haya sasa pampu. Ina balbu ya mpira katikati na mipira miwili, mmoja unatumbukiza kwenye tangi, mwingine kwenye dumu ambalo lazima likae chini kuliko tangi. Unaminya mara tano sita mafuta yanaanza kushuka yenyewe. Angalieni mshale kwenye balbu, mimi mara ya kwanza niliigeuza nikaminya mpaka mkono ukachoka.

Udhaifu wake ni klipu inayobana mpira na balbu. Wiki ya tatu ililegea, petroli ikanilowesha mkono mzima, na kwa vile nilikua na haraka sikunawa. Jioni vidole vilikua vyeupe vimekauka, siku mbili mbele ngozi ikapasuka kwenye viungo, kwa sababu petroli inaondoa mafuta yote ya ngozi (na mimi ndo niliyekua nanawa grisi kwa petroli jamani, msifanye). Nimebadilisha klipu, na sa hivi navaa glavu za nitraili, zile za latex za kawaida hazihimili petroli.

Kitu kingine, pampu haizuii mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini pale pale unapoinamia dumu, kichwa kinaanza kugonga na kizunguzungu juu. Hicho unakisikia, ila benzeni, kemikali iliyomo humo, husikii kitu, na ukiivuta miaka mingi inaharibu uboho wa mifupa na kuleta saratani ya damu. Mwaka 2025 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka petroli yenyewe kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kwahiyo fanyia nje, simama upande upepo unakotoka.

Naipa nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya klipu. Ule mpira wa zamani nimeukatakata, mdogo wangu alishaanza kuutumia.