Unataka taa za zenoni kwenye gari? Soma hii kabla hujapeleka hela kwenye maduka ya spea Gerezani

Mwenye IST, Vitz au Raum akisafiri usiku mara moja tu Dar kwenda Morogoro lazima arudi na swali lilelile, wakuu niweke zenoni gani maana hizi taa zangu ni vibatari. Namwelewa kabisa. Ukipita Chalinze saa tatu usiku unakutana na baiskeli imebeba mkaa haina hata kitaa cha nyuma, mbele kidogo lori limekufa katikati ya barabara na alama yake ni matawi ya mti, halafu kuna semi linakuja limewasha fulu na halina mpango wa kushusha. Sasa mimi nimeshachoma hela kwenye haya mambo, kwa hiyo napanga kuanzia ile ningeinunua leo hadi ile nisingeikubali hata kwa kupewa bure. Najua wengine hamtapenda.

Kabla ya kupanga, tuelewane hapa. Globu peke yake sio taa. Nyuma yake kuna rifleksa, yaani kile kioo cha kurudisha mwanga, ama mbele yake kuna lenzi, na vyote vimechongwa kwa ajili ya globu ya aina moja inayowakia sehemu moja, ikisogea milimita mbili tu mwanga unaenda kwingine. Globu ya H4, hizi za kawaida za halojeni za IST, ina nyuzi mbili ndani, na ule uzi wa dimu, yaani taa ya chini, una kibati kama kijiko chini yake, kazi yake ni kuzuia mwanga usiende machoni kwa watu. Zenoni haina uzi wowote, ni umeme unaoruka kati ya ncha mbili ndani ya gesi, ndio maana inahitaji balasti, yaani kiboksi cha kupandisha volti, na ule mshtuko wa kuiwasha unafika volti elfu ishirini na zaidi (usishike waya zake taa ikiwa imewaka, tafadhali). Uzuri wake ni kweli upo. H4 ya kawaida kwenye dimu inakula wati 55 na kutoa kama lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), wakati zenoni ya kiwandani ya D2S inakula wati 35 inatoa kama 3,200. Ni mara tatu kwa umeme mdogo zaidi. BMW ndio walianza kuziweka kwenye 7 Series mwaka 1991 na walizijengea taa yake tangu mwanzo, hawakuzichomeka kwenye taa ya halojeni.

Namba moja kwangu haina zenoni hata kidogo, samahani. Ni kurudisha taa ulizonazo kwenye hali yake. Chukua mita ya volti, washa gari, washa taa, pima kwenye betri halafu pima pale nyuma ya globu. Betri inaweza kukupa volti 14 na globu inapata 12 na ushee, hizo nyingine zimeishia kwenye waya mwembamba wa miaka ishirini, swichi iliyochoka na ethi yenye kutu. Halojeni haisamehe hapo, volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Dawa yake ni relei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme), fyuzi, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, ile waya ya zamani inabaki kuamsha relei tu. Kuna za H4 zinauzwa zikiwa zimeshafungwa tayari, unachomeka, fundi umeme mzuri hamalizi saa moja. Halafu vioo. Kama kioo cha taa kimekuwa cha njano kama chai ya maziwa hata ukiweka jua lenyewe halitatoka, kwa hiyo msasa wa maji, anza na 800, nenda 1500, malizia 2000, piga polishi kisha kliya inayozuia jua. Ukiacha kliya baada ya miezi michache njano imerudi. Dawa ya meno ni mchezo wa kupigia picha ya kuuzia gari. Mwisho weka globu mpya pea moja, Philips au Osram halisi, za wati 60/55 zilezile. Zile za 100/90 kwenye waya wa kiwandani zinayeyusha soketi, nimeona kwa macho yangu soketi imekuwa kama ubani.

Wakifanya hayo yote, nusu ya watu wanaotaka zenoni wataacha kuitaka. Mimi nilishangaa.

Namba mbili, kwa mwenye hela kidogo: taa nzima ya zenoni ya kiwandani, ya gari lako hilohilo, mtumba wa Japani. Modeli nyingi za Toyota zilitoka na matoleo mawili, la halojeni na la zenoni, kwa hiyo unatafuta nyumba ya taa kamili, kulia na kushoto, na balasti zake, na globu, na kile kipande cha waya. Soma stika kwenye mgongo wa taa, utakuta D2R, D2S, D4R au D4S. S ni ya taa yenye lenzi, R ni ya rifleksa, ina mstari mweusi uliopakwa kwenye kioo cha globu. Na D2 haiingiliani na D4 hata kama muuzaji anaapa, D2 inafanya kazi na volti kama 85 na D4 na 42, balasti zake tofauti. Dukani usikubali kuonyeshwa mara moja, washa na kuzima mara tano sita, ikiwa inasitasita au inatoa rangi ya waridi ujue globu imezeeka, na ukibadilisha badilisha zote mbili maana rangi zitakataa kufanana. Kwenye matoleo ya zenoni kuna kisensa kwenye springi ya nyuma kinachoshusha taa gari likibeba mzigo, wengi wanakiacha dukani, basi angalau kumbuka kile kigurudumu cha kushusha taa, cha 0 mpaka 5, karibu na usukani ambacho hujawahi kukigusa tangu ununue gari.

Hapa pia jihadhari na taa za kutoka Dubai. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo taa zao zinainua mwanga upande wa kulia, na kulia kwetu ndio anapokuja mwenzio. Za Japani ziko sawa na sisi. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wenye gari za Japani, kwenu hiyo ni kinyume chake.

Namba tatu ni projekta, ile taa yenye lenzi ya duara mbele ya globu. Fundi anapasha taa moto, anaifungua, anatoa ya ndani na kufunga projekta ya zenoni yenye kibati kinachojifungua ukiwasha fulu, kisha anaifunga tena. Ikifanywa vizuri inapiga mstari ulionyooka kama umekatwa na kisu na inashinda hata namba mbili, ila nimeishusha kwa sababu ya mafundi. Gundi ikifungwa vibaya mvua ya kwanza ya masika taa inakuwa tangi la samaki. Mwambie akuonyeshe gari alilofunga mwaka jana, sio la jana.

Namba nne LED za kuchomeka. Hazina balasti, zinawaka papo hapo, ila lumeni zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini na kile kifeni cha nyuma kinakufa na vumbi. Nyingi mwanga wake unaishia karibu na bampa, unaona mashimo ya mita kumi mbele, ng'ombe wa mita themanini humuoni. Tusonge.

Ya mwisho kabisa ni ile seti (kit) ya zenoni ya Kichina unayochomeka kwenye taa ya halojeni, yaani ndiyo ambayo kila mtu anaulizia. Niliifunga kwenye IST yangu, za 8000K za bluu (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), duka moja mjini, jamaa kanionyesha ukutani nikasema hapa nimeua. Usiku ule kuanzia Mlandizi mpaka Mikese kila lori lilinipiga fulu, na mimi nilikuwa dimu! Mvua ilipoanza ndio nikajua nimepigwa, ile bluu inamezwa na lami iliyolowa, mistari ya barabara sikuiona kabisa, na redio inakoroma kwa sababu ya balasti. Uingereza gari likifanyiwa hivyo linafeli ukaguzi wao wa MOT. Ukitaka zenoni ya aina yoyote chukua 4300K, ndio ya kiwandani, ikizidi sana 6000K, kwenda juu ya hapo unanunua rangi na mwanga unapungua.

Ukishafunga chochote kati ya hivi, siku hiyohiyo pata ukuta na sehemu tambarare, simamisha gari mita 10 nyuma, pima kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ya urefu huo ukutani kwa chaki, na mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya alama. Tangi liwe nusu na wewe au mtu wa uzito wako awe amekaa kwenye kiti cha dereva. Skrubu ziko mgongoni mwa taa, moja inapandisha nyingine inapeleka pembeni, bisibisi ya nyota inatosha.