Ziara ya baiskeli Amboni na Tongoni: nendeni mkiwa na njaa

Nianze na bada, ugali wetu wa muhogo, mengine yatafuata. Ziara hii ni ya siku moja. Asubuhi mnatoka mjini Tanga kwa baiskeli hadi Mapango ya Amboni, mchana mnakula kwa mama mmoja kijijini Kiomoni, alasiri mnapakiwa kwenye Noah kwenda magofu ya Tongoni. Nilimpeleka wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Njia nzima alikuwa akiniambia kwamba ugali wa muhogo kwao ndiyo wanaamkia, nisidhani nitamshangaza.

Tulimkuta mama uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu, karibuni, msikae kigeni," akasema, na papo hapo akamkabidhi wifi kifumbu akamue tui. Papa mkavu alikuwa ameshachemshwa na yale maji ya chumvi kumwagwa. Tui la kwanza mama aliliweka kando kwenye bakuli. La pili, jepesi, ndilo alilompikia papa, na nyanya, bizari na vipande vya embe mbichi. Lile zito lilikuja mwisho kabisa, moto umepunguzwa, akawa anakoroga taratibu bila kuacha ili lisikatike. Kisha akasonga bada, laini, inayovutika, ukiimega inakubali kuchovya mchuzi bila kumomonyoka. Wifi alikula kimya kwa muda mrefu. "Huu sio udaga wetu, wifi," akasema, akasogeza sahani aongezwe.

Kulikuwa pia na kachumbari, pilipili ya kupondwa na machungwa ya Muheza. Tulikaa mkekani wote, pamoja na dereva na kijana wa kutuongoza, na hakuna aliyetuharakisha. Kwa shilingi 35,000 kwa kichwa, usafiri na chakula ndani, viingilio mnajilipia wenyewe, mimi sina nongwa.

Sasa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, hata mabibi zetu wamebebwa kwenye karia, kwa hiyo sikutegemea kupewa baiskeli ambayo breki ya nyuma ni pambo. Kofia ngumu hazikuwepo, wala hakuna aliyezitaja. Hadi Amboni ni kilomita 8 hivi kuelekea kaskazini, si mbali, lakini mnapita barabara kuu ya Horohoro, na malori ya kwenda Mombasa hayana habari na wewe. Mkishaacha lami ndipo raha inapoanza: minazi, mashamba ya muhogo, watoto wanaokimbiza tairi pembeni. Ningekuwa mimi mwenye biashara hii, ningewapeleka wageni kwa gari hadi mchepuko, baiskeli zianzie hapo.

Mapango yenyewe hayahitaji kupambwa. Ni miamba ya chokaa iliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Inasemekana yako 10, na wageni huingizwa moja tu. Ndani kuna joto, harufu ya popo, na sehemu za kupita kwa kuinama hadi mgongo ulalamike. Kijana wetu alijua kazi ya tochi: anamulika ukutani, huyu mamba, hili kochi, ile ramani ya Afrika, na kweli ukiangalia unaona. Alitusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu wakisakwa na serikali ya Waingereza miaka ya 1950. Chumba cha mzimu kilimnyamazisha wifi. Chupa za marashi, vitambaa, sarafu, vitu vya watu walioleta shida zao, wengi wakiomba mtoto. Pale kijana naye alishusha sauti bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo.

Kilichoniudhi ni ile hadithi kwamba pango linatokea Mombasa, na tawi lingine Kilimanjaro. Aliisema kwa uso mkavu kama tarehe ya uhuru. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima mwaka 1994, wakakuta pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Nilipomwambia akacheka: "Mama, wageni wanaipenda hiyo." Basi aiite hadithi, mbona ya mzimu aliieleza vizuri tu.

Tongoni ndiko tulikodhulumiwa muda. Asubuhi walichelewa kututoa, kwa hiyo tulipofika huko, kilomita kama 20 kusini kwa barabara ya Pangani, jua lilikuwa linaondoka na dereva ameshaanza kutazama saa. Ni msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, zaidi ya 20 kati yake ni ya nguzo, na pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna mahali penye makaburi ya nguzo mengi pamoja kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala vipande vipande majanini. Kwenye iliyobaki, pitisha kidole kwenye vile vishimo vya duara vilivyochongwa juu ya chokaa: humo vilipachikwa vibakuli vya kauri vya kutoka China. Hapa ndipo ulipokuwa mji wa zamani wa Mtangata. Jirani na hapa meli ya Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata, mabaharia wakiwa wamepungua, akaichoma moto meli hiyo, São Rafael. Mambo yote hayo nilimweleza wifi mwenyewe, kwa sababu kijana alikuwa amebaki kwenye gari na simu yake.

Mkitaka kwenda, ombeni waanze na Tongoni asubuhi, Amboni baadaye. Tuliporudi niliwaambia wakakubali kwamba inawezekana. Jaribuni breki kabla ya kulipa. Vaeni viatu vya kufunga, pangoni panateleza. Na mama apigiwe simu tangu jana yake, maana papa wa kuloweka hapikwi kwa kushtukizwa.