Nimebadilisha mazabodi ya ThinkPad T440p: usilipe kabla hujaliona bomba hili la shaba

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni skrini hii. Hii ni orodha ya vifaa kwenye Windows. Mnaona majina mawili ya grafiki, yaani chipu zinazochora picha kwenye skrini? Intel HD 4600, na chini yake NVIDIA GeForce GT 730M. Juzi lilikuwa jina moja tu! Mwili ni uleule, kibodi ni ileile, hata mkwaruzo wa hapa kwenye kona ni uleule. Kilichobadilika ni mazabodi, ile bodi kuu ya ndani inayobeba chipu.

 Mashine ni ThinkPad T440p, laptopu ya Lenovo ya 2013, na hapa Kampala ukienda kutafuta laptopu ya mtumba hukosi kuonyeshwa ThinkPad. Wengi mmeniuliza, mbona usiongeze kadi ya grafiki tu? Haiwezekani, kwa sababu chipu ya NVIDIA imechomelewa kwenye bodi. Lenovo walitoa bodi za aina mbili kwa mwili huuhuu: moja ina Intel peke yake, nyingine imeongezewa NVIDIA yenye kumbukumbu yake ya GB 1. Unatoa ile, unaweka hii. Prosesa nayo inachomoka, wala si ya kuchomelewa: unazungusha skrubu hii ndogo kwa bisibisi bapa, unainyanyua wima, unaihamishia bodi mpya. Ile prosesa yangu ya Intel i5 ndiyo hii hii inayofanya kazi sasa.

Sasa nisogeze kamera, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa.

Haya. Mkono wa kushoto, bomba la kupozea lililokuja na mashine yangu. Mkono wa kulia, la bodi yenye NVIDIA. Ukiyatazama kwa haraka utasema ni ndugu pacha. Feni sawa, tundu sawa. Geuza. Hili la kushoto lina bamba moja la shaba, la prosesa, basi. La kulia lina bamba la pili, hili hapa, na kazi yake ni kukaa juu ya chipu ya NVIDIA. Aliyeniuzia bodi aliniambia, "Ssebo, feni yako ya zamani itaingia tu." Ni kweli inaingia, na hiyo ndiyo hatari yake! Inakaa vizuri juu ya prosesa, mashine inawaka, unafurahi, na chipu ya grafiki iko uchi pembeni inajichemkia. Ukifungua mchezo tu, unaweza kuiua.

Hata ukiwa na bomba sahihi, usiamini macho. Nawaonyesha ninavyofanya mimi. Tone dogo la pesti ya kupitisha joto, kama punje ya mchele. Nakalisha bomba, nakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, hii, halafu ya upande wa pili. Halafu nalitoa tena. Ndiyo, nalitoa! Angalieni bamba: mnaona mraba wa kijivu, kama muhuri wa ofisini? Pembe zote nne zimetokea. Hapo najua chuma kimegusa chipu. Mara ya kwanza nilipata pembe tatu tu, skrubu moja ilikuwa imeingia upande. Nisingefungua, nisingejua. Sasa futa, weka pesti nyingine, funga.

Mnisamehe, nimekaa sana hapo, lakini sijaona mtu akilionyesha jambo hili kwa Kiswahili.

La pili, nywila. Bodi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imefungwa na nywila ya msimamizi kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows, na kwenye ThinkPad nywila hiyo haifutiki kwa kutoa ile betri ndogo. Nilibishana na muuzaji siku nzima ndipo akanibadilishia. Kwa hiyo mwambie aiwashe mbele yako, bonyeza F1, uingie ndani kwa macho yako. Na chaja, tafuta ya wati 90. Ile ya 65 ni ya bodi isiyo na NVIDIA. Windows nayo inaweza kudai leseni upya, kwa kuwa inaitambua mashine kwa bodi yake. Iunganishe na akaunti yako ya Microsoft mapema.

 

Sasa bei. Bodi nililipa shilingi za Uganda 260,000, bomba na feni yake 70,000, pesti 10,000. Jumla 340,000. Mchezo wa GTA V uliokuwa unakwama kila nikikata kona sasa unachezeka, kwa mipangilio ya chini. Lakini niseme ukweli wangu: GB 1 inajaa upesi, na NVIDIA waliacha kuzitolea chipu za kizazi hiki viendeshi vipya, yaani programu za kuziendesha. Nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia nyote mkanunue bodi kesho. Sasa nasema hivi: kama T440p unayo tayari na unaipenda, fanya. Kama huna, tafuta ambayo imetoka kiwandani na NVIDIA, usijisumbue na bisibisi. Au mtazame laptopu ya HP EliteBook 8570w. Ile kadi yake ya grafiki inachomoka peke yake, bodi inabaki. Tatizo ni uzito, ukiibeba mgongoni kwenye boda kutoka Ntinda hadi mjini utaikumbuka.

Bodi yangu ya Intel bado iko hapa, nzima, haina nywila. Mwenye T440p iliyokufa aandike hapo chini, tuongee bei.