Nyota tatu kwa yadi iliyolihifadhi gari langu

Ijumaa iliyopita, saa tano usiku, mdogo wangu alikamatwa Waiyaki Way jijini Nairobi akiliendesha gari langu, Toyota Fielder, akiwa amelewa. Alkoblo, yaani kifaa cha kupima kileo katika pumzi, ilionyesha kwamba alikuwa amepita kiwango cha kisheria cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, na kwa kuwa hakuwa na mwenzake ambaye hakunywa, maafisa waliagiza gari liondolewe barabarani na kampuni binafsi ya kuvuta magari. Sina kinyongo na polisi hao. Walimzuia kabla hajamgonga mtoto wa mtu. Ninachotathmini hapa ni kampuni hiyo na yadi yake, nami sitaitaja jina kwa kuwa sehemu ya maelezo haya ni malalamiko.

Ieleweke kwanza kwamba dhamana ya mtu na kuachiliwa kwa gari ni mambo mawili tofauti. Jumamosi asubuhi mdogo wangu alitoka kwa dhamana ya polisi ya shilingi 10,000, akapewa risiti na kutakiwa kufika mahakama ya Milimani Jumatatu, kujibu shtaka ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Risiti hiyo haikunifungulia lango la yadi. Nilitakiwa kuleta barua ya kituo cha polisi yenye nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo, hati ya umiliki wa gari, ile ambayo wengi wetu huiita logibuku, pamoja na kitambulisho cha mtu ambaye jina lake limo katika hati hiyo. Gari langu limesajiliwa kwa jina langu. Mama mmoja niliyemkuta langoni alirudishwa, machozi yakimlengalenga, kwa sababu gari alilolilipia muda mrefu uliopita lilikuwa bado na jina la aliyemuuzia. Barua yangu niliipata saa nane mchana, na nilipofika yadini saa tisa, karani alikuwa ameshafunga ofisi hadi Jumatatu.

Jumapili nilirudi kwa ajili ya dawa. Mama yetu anaugua shinikizo la damu, na vidonge vyake vya mwezi mzima vilikuwa vimebaki katika droo ya mbele ya gari. Mlinzi, mzee mtulivu, aliisoma barua ya polisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mama, gari sina ruhusa ya kukutolea, lakini dawa ya mgonjwa siwezi kuifungia humu bila kuuliza." Alimpigia msimamizi wake simu, akalifungua gari mbele ya macho yangu, akaandika daftarini kilichotolewa, saa ya kutolewa na nambari ya kitambulisho changu, nasi sote wawili tukatia sahihi. Hakuniomba hata shilingi ya chai. Nimewahi kuhudumiwa na ofisi kubwa zenye viyoyozi ambazo hazikunitendea kwa heshima ya namna hiyo.

Malipo ndiyo yaliyonikera. Jumatatu karani alinidai shilingi 6,000 za kuvuta gari na shilingi 500 kwa kila siku ya kulihifadhi, akihesabu siku nne kamili: Ijumaa, ambayo gari lilikuwa hapo kwa muda usiofika saa moja, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Nilimuuliza ni kwa haki gani nilipie Jumapili, ilhali nilikuwa nimesimama langoni kwao nikiwa na karatasi zote mkononi na hakukuwa na mtu wa kuzipokea. Alinijibu, "Dada, huo ndio utaratibu wa yadi." Niliomba daftari la mlinzi liletwe, na msimamizi alipoiona sahihi yangu ya siku ile aliondoa shilingi 500 bila ubishi. Nililipa 7,500 kwa M-Pesa nikapewa risiti yenye mhuri. Hata hivyo, viwango hivyo havikubandikwa mahali popote, na asiyejua kuhoji, au aliyelemewa na aibu ya jamaa yake kukamatwa, atalipa chochote atakachotajiwa.

Kwa upande wa gari lenyewe sina la kulalamikia. Fielder yangu husukumwa na magurudumu ya mbele, na ndiyo waliyoyainua walipokuwa wakiivuta, jambo ambalo mvutaji asiyejali hulipuuza na kuiharibu giaboksi. Fomu waliyoijaza usiku ule, kwa nakala tatu, ilitaja gurudumu la akiba, jeki, kiti cha mtoto, kiasi cha mafuta na hata mkwaruzo wa zamani katika mlango wa nyuma wa kushoto, na ilikuwa na picha za pande zote nne. Ningemshauri yeyote aikague fomu hiyo akiwa kando ya gari, kabla ya kutia sahihi ya kulipokea, kwa kuwa baada ya hapo hatakuwa na hoja.

Nilizungukia kipengele kimoja baada ya kingine huku karani akinisubiri kwa subira. Mwishowe niliingia ndani nikasoma mita. Fomu ilisema kilomita 141,206. Mita nayo ilisema 141,206. Nikatia sahihi.