Manyoya meupe kwenye darktable: uzoefu wangu

Katika ndege wote niliowahi kupiga picha, yangeyange ndiye aliyenitesa zaidi. Jua likimpiga, shingo na mgongo hutoka kama karatasi tupu. Zamani nilitumia programu nyingine, na dawa yangu ilikuwa moja: kupunguza mwanga mkali wa picha nzima hadi mwisho. Weupe ukawa kijivu, na ndege akaonekana mchafu.

Nimeitumia darktable, programu ya kuhariri picha ghafi, kwa miaka mitatu sasa. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Nilichokipenda mapema ni kwamba ina maonyo mawili tofauti. Moja linaonyesha sehemu zilizozidi mwanga kwenye skrini, jingine linaonyesha pikseli zilizoungua, yaani zilizojaa mwanga hadi kupoteza taarifa, kwenye faili ghafi (RAW) lenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Histogramu ya kamera, yaani grafu ya mwanga, huwa inasoma ile JPEG ndogo ambayo kamera huitengeneza, kwa hiyo inaweza kukwambia picha imeungua wakati faili ghafi bado lina kila unyoya. Nilikuwa nafuta picha nzima kwa sababu ya onyo hilo, na hadi leo naumia nikizikumbuka.

Kuna jambo moja litakalokushtua. Ukipiga kwa kushusha mwangaza stopu moja, yaani kuupunguza kwa nusu, ili kulinda weupe, darktable kwa mpangilio wake wa kawaida huirudisha stopu hiyo, kisha huongeza 0.7 EV (EV moja ni stopu moja) juu yake. Ndege anafunguka akiwa anang'aa kupita kiasi. Usihofu. Nenda kwenye moduli (kifaa cha marekebisho) ya mwangaza, ondoa alama ya kufidia mwangaza wa kamera au shusha thamani, na manyoya yatajitokeza yenyewe. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga, JPEG ina 256 tu kwa kila rangi, na ndiyo maana kuna kitu cha kurudisha.

Lakini moduli iliyonifanya nibaki ni ile ya kusawazisha toni. Inagawa picha kwa viwango vya mwanga, kutoka -8 EV hadi 0. Unaweka kipanya juu ya kifua cha ndege, unazungusha gurudumu, na toni za mwanga ule ndizo zinazoshuka. Kwa kunguru mwenye kifua cheupe na mabawa meusi hakuna kilichonisaidia zaidi: nashusha kifua kidogo, napandisha mabawa, na mistari midogo ya manyoya inabaki kwa sababu maski yake, yaani ramani ya kijivu inayoonyesha kila sehemu ina mwanga wa kiwango gani, hulinda utofauti mdogo wa mwanga kati ya sehemu zilizo karibu. Tengeneza kwanza maski hiyo, ienee kwenye viwango vyote. Ukiiruka hatua hii, toni zote zitarundikana mahali pamoja na utadhani moduli haifanyi kazi. Mimi hushusha nusu stopu, mara chache zaidi. Manyoya meupe lazima yabaki meupe.

Kwa sehemu zilizoungua kweli, ipo moduli ya kuunda upya mwanga mkali. Mara nyingi kijani ndiyo hujaa kwanza, na bila marekebisho weupe hugeuka rangi ya waridi. Moduli hii huazima taarifa kutoka kwa rangi zilizobaki. Kwenye ukingo wa bawa inafanya vizuri sana. Ile njia yake nzito zaidi inahitaji kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo naitumia kwa picha ninazozithamini tu.

Kujifunza kunachukua muda, moduli ni nyingi. Nilipotea wiki kadhaa kabla ya kuficha nisizozihitaji na kubaki na hizi tatu.

Nina picha moja ya yangeyange aliyeinua panzi mdomoni, macho makali kabisa, na kichwa kimeungua rangi zote tatu. Nimeirudia kila toleo jipya linapotoka. Pale juu ya jicho hakuna unyoya wa kurudisha, nami nimeacha pawe peupe.