Kamusi niliyoipima kwa neno moja: "stage"

Kwa muhula mzima nimekuwa nikiitumia darasani, hapa Busia upande wa Uganda, kamusi ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili niliyoinunua Kampala kwa shilingi 38,000. Nimeona niwaeleze walimu wenzangu inafaa wapi na inapwaya wapi, kwa kuwa tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na wengi wetu tunalazimika kuchagua vitabu wenyewe.

Karatasi yake ni nzuri, maandishi yanasomeka hata kwa mwanga hafifu, na jalada halijabanduka licha ya kupita mikononi mwa darasa zima.

Tatizo lilijitokeza kwenye insha. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, tena mwenye bidii, aliandika: "Mama alinisubiri kwenye jukwaa la bodaboda." Nilipomuuliza, alinifungulia kamusi na kunionyesha kwa kidole neno "stage", na mbele yake maneno matatu tu: jukwaa, hatua, kituo. Alichukua la kwanza, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, kwa sababu hapakuwa na sentensi hata moja ya kumwonyesha kila neno linakaa wapi.

Maana hizo tatu ni sahihi, nami siwalaumu waandishi kwa hilo. Tunasema jukwaa tukimzungumzia mwigizaji anayesimama mbele ya watazamaji, kwa mfano katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo uliofunguliwa Kampala mwaka 1959. Tunasema hatua tukieleza jinsi mbu anavyokua kutoka yai, lava na pupa hadi mbu kamili, au daktari anapoeleza saratani imefikia wapi. Lakini neno hilohilo la Kiingereza hutaja pia kile kibao cha hadubini ambacho juu yake huwekwa kioo chenye kitu kinachochunguzwa, na walimu wa sayansi hukitaja kila wiki. Kamusi haikigusi kabisa.

Maana ya kituo ndiyo iliyostahili nafasi kubwa zaidi, maana ndiyo tunayoishi nayo. Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, na mzizi wake wa Kilatini una maana ya kusimama. Baadaye likatumika kwa vituo ambapo magari ya kukokotwa na farasi yalibadilisha wanyama waliochoka, na pia kwa masafa kati ya kituo na kituo. Kiswahili nacho kilifika hapohapo kwa njia yake, kwani kituo ni mahali pa kutua, iwe ni msafiri anayepumzika au mpagazi anayeshusha mzigo. Ningependa sana mwanafunzi akutane na jambo hili, kwa sababu akishaelewa kwamba kituo kimo ndani ya kutua, hawezi tena kumsimamisha mama yake jukwaani.

Kuna pia neno steji, ambalo kamusi imelikwepa. Hapa kwetu, mahali ambapo waendesha bodaboda hujipanga kungoja abiria huitwa steji; huwa na mwenyekiti wake, na mgeni hawezi tu kufika na pikipiki yake akaanza kubeba watu. Neno kituo ni sanifu na ndilo ninalolifundisha, lakini kamusi inayouzwa Uganda ingepaswa kulitaja steji na kueleza kwamba ni la mazungumzo ya kila siku, ili mtoto ajue analipeleka wapi na analiacha wapi.

Jambo moja limefanywa kwa uangalifu mkubwa: karibu kila nomino imeonyeshwa wingi wake, hivyo majukwaa na vituo havimtatizi mtu, na hatua imewekewa alama kwamba haibadiliki. Kwa mwanafunzi anayehangaika na upatanisho wa ngeli, msaada huo una thamani kubwa.

Kwa mwalimu anayejua kuchagua, ninaipendekeza bila kusita. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejisomea peke yake nyumbani, siipendekezi mpaka toleo lijalo liweke mifano. Katika nakala ya darasa nimeandika kwa penseli, pembeni mwa neno hilo: "Mwigizaji yuko jukwaani. Ugonjwa uko katika hatua ya pili. Bodaboda ziko kituoni."