Stella: uzoefu wangu na NTSC, PAL na SECAM ndani ya Atari moja

Stella ni programu ya bure inayoiga Atari 2600, mashine ya gemu iliyotoka mwaka 1977. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Wengi huipakua wakacheza basi. Mimi nimenogewa na jambo moja: ukibonyeza Ctrl na F gemu ikiwa inaendelea, rangi zinahama papo hapo kati ya NTSC, PAL na SECAM, mifumo mitatu ya zamani ya kutuma rangi kwenye tivi.

Anza na NTSC, uliopitishwa Marekani mwaka 1953. Rangi husafiri kwenye wimbi la takriban 3.58 MHz, na tivi hujua kama ni nyekundu au bluu kwa kupima wimbi hilo limechelewa kiasi gani. Chipu ya Atari hucheza na ucheleweshaji huohuo: kila hatua ni rangi nyingine, na pamoja na viwango vinane vya mwangaza unapata rangi 128. Ila mawimbi yakivurugika kidogo njiani, nyuso za watu zinaingia ukijani. Ndiyo maana tivi za NTSC zilikuwa na kitufe cha kuzungusha ili kusahihisha rangi.

PAL, kazi ya Walter Bruch wa Telefunken, ilitibu ugonjwa huo kwa kugeuza sehemu moja ya ishara ya rangi katika kila mstari wa pili, ili makosa ya mstari huu yafutane na ya mstari unaofuata. Ndani ya Stella utakachokiona kwanza ni vituko: gemu iliyoandikwa kwa NTSC ukiipeleka PAL, nyasi za kijani zinageuka zambarau, kwa sababu namba ileile ya rangi inaangukia mahali pengine. Paleti nayo, yaani jumla ya rangi zilizopo, inapungua hadi rangi 104.

Kilichonifanya niwavulie kofia waundaji ni mpangilio wa kuiga upotevu wa rangi wa PAL. Mashine ile haina kumbukumbu ya picha, hivyo mwandishi wa gemu ndiye aliyeamua kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, iwe na mistari mingapi. Kawaida ya PAL ni 312. Akitoa 311, yaani idadi witiri, ule mpango wa kupokezana mstari kwa mstari unagongana kati ya fremu moja na nyingine, na tivi halisi inaitupa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Stella inakuonyesha hivyo hivyo. Kwa anayeandika gemu mpya za Atari, hiki ni kipimo cha lazima.

Halafu SECAM ya Ufaransa. Hapa nilicheka. Chipu ya toleo hilo hupuuza kabisa namba ya rangi na kusoma mwangaza tu, kisha kila kiwango cha mwangaza kinapewa rangi yake: nyeusi, bluu, nyekundu, waridi iliyokolea, kijani, samawati, njano, nyeupe. Nane tu! Anga la machweo lililopakwa kwa ustadi kutoka giza hadi mwanga linakuwa mistari ya kanga mpya. Msiilaumu SECAM yenyewe lakini. Kama mfumo wa utangazaji ilibeba rangi kamili. Ubahili ni wa chipu.

Upande wa vichujio vinavyoiga sura ya tivi za zamani, kuna RGB, S-Video, Composite (vyote ni majina ya njia za kuunganisha mashine na tivi) na kingine cha makusudi kinachoiga tivi iliyoharibiwa marekebisho. Composite ndiyo ninayoiacha imewashwa: kingo zinalainika na rangi zinachuruzika kidogo pembeni, kama ilivyotakiwa. Ila kichujio hicho kimejengwa juu ya NTSC. Ukikitumia kwenye gemu ya PAL unapata sura nzuri, si PAL ya kweli. Usitegemee kuona mistari ya Hanover, ile michirizi ya mlalo iliyotokea tivi ya PAL iliposhindwa kusawazisha mistari miwili. Wanaotaka usahihi wa ishara nzima watafute kwingine.

Washa pia mpangilio wa fosfori. Gemu nyingi za 2600 huchora vitu kwa zamu, fremu hii adui mmoja, fremu ijayo mwingine, na bila mng'ao ule wa kioo kubaki kidogo, skrini za leo zinapepesa mpaka macho yanauma.


Kwa kujifunza tofauti za mifumo hii mitatu: nyota tano. Kwa kuiga PAL kama ishara: tatu.